Kusema "Yesu si Mungu" si tusi



Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Tesiti zilinibana, nikawa napiga msuli usiku na mchana, na bumu nalo ndo hivyo tena, mnajua wenyewe. Leo nina jambo, na najua wapo watakaoninunia. Nuneni tu, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni yale mabishano ya Yesu na Isa kwenye korido za hosteli. Mnayajua. Mmoja anaanza kwa utani watu wakiwa kwenye foleni ya maji, mwingine anajibu, dakika kumi baadaye kuna umati. Simu zimetolewa, huyu anasoma aya, yule anasoma mstari, wapambe wanashangilia kama wako uwanja wa mpira. Watu wakitawanyika hakuna aliyejifunza kitu, na wawili waliokuwa wanakula sahani moja hawasalimiani mpaka mitihani iishe.

Halafu kuna kundi la pili, la wapole. Hawa wakisikia ubishi tu wanakuja mbio: "Jamani acheni hayo, Mungu ni mmoja, sote tunaamini kitu kilekile, tofauti ni majina tu." Hao nao leo nina lao.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema. Mtu akisema Yesu si Mungu, hajamtukana Mkristo. Mtu akisema Yesu ni Mungu, hajamtukana Mwislamu. Tusi ni pale unapomsingizia mwenzako imani asiyokuwa nayo, halafu unaipiga mawe hiyo imani uliyomvika wewe mwenyewe, kisha unashangilia kwamba umeshinda.

Na ili msinizungushe kwa maswali: mimi ni Mkristo, Mlutheri, nimebatizwa na kipaimara nimepata. Naamini Yesu ni Mungu. Kwa hiyo msiseme naandika haya kwa sababu sina dini. Naandika kwa sababu ninayo.

TUANZE NA KILE KILICHOMO

Hebu Wakristo wenzangu tulieni kidogo. Nimewasikia wengi mkisema Waislamu "hawamtambui Yesu" au "wanamdharau Yesu". Hivi mmewahi kusoma? Qur'an inamtaja Isa kwa jina mara 25 hivi. Inamwita Masihi. Inamwita Neno kutoka kwa Mungu na Roho itokayo kwake (An-Nisaa, aya ya 171). Inasema alizaliwa na bikira bila baba. Mama yake, Maryam, ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Qur'an nzima, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Inasema Isa alizungumza akiwa mtoto mchanga, aliponya vipofu na wenye ukoma, alifufua wafu, yote kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na Waislamu walio wengi wanaamini atarudi tena duniani kabla ya Kiyama.

Mwislamu akimsema Isa vibaya ametoka kwenye dini yake mwenyewe. Wengi wao hata jina hawalitaji bila kuongeza "amani iwe juu yake". Sisi je? Mara ngapi tunasema "Yesu wangu!" simu ikianguka chini?

Sasa upande wa pili wa kitabu hichohicho. Isa ni mtumwa wa Mungu na mtume. Mfano wake mbele ya Mungu ni kama wa Adam, aliyeumbwa kwa udongo akaambiwa kuwa, akawa (Aal Imran, 59). Yeye na mama yake walikuwa wakila chakula kama watu wengine (Al-Maida, 75). Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na hilo ndilo kiini cha sura ya Al-Ikhlas, sura ya aya 4 tu ambayo mtoto wa madrasa anaijua kabla hajajua kuandika jina lake. Na hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mungu alimnyanyua kwake (An-Nisaa, 157 na 158).

Haya, Waislamu nanyi tulieni. Wakristo wanasemaje?

Wanasema Mungu ni mmoja. Narudia: mmoja. Wanasema huyo Mungu mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nafsi tatu, asili moja. Wanasema Neno lililokuwako tangu mwanzo, ambalo Yohana sura ya 1 inasema lilikuwa kwa Mungu na lilikuwa Mungu, lilichukua mwili likakaa na watu. Huyo ndiye Yesu. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulisema Mwana ana asili moja na Baba. Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ukasema ni nafsi moja yenye asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli, bila kuchanganyika na bila kutengana. Alisulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu, na katika kifo hicho watu wanasamehewa dhambi.

Mmeona? Pande zote mbili wana Masihi, wana bikira, wana miujiza, wana kurudi. Halafu wanaachana katika mambo 3 makubwa: kama ni Mungu, kama ni Mwana, na kama alikufa msalabani. Si madogo hayo.

NYIE WA "TUKO SAWA"

Ndo maana nawaambia wapole wetu kwamba hatuko sawa. Kwa Mwislamu, kumpa kiumbe cheo cha Mungu ni shirki, na hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Kwa Mkristo, ukimwondolea Yesu uungu na msalaba hukumpunguzia kitu kidogo. Umeondoa wokovu wote, tumebaki na mwalimu mzuri na mahubiri yake. Huwezi kumwambia mtu kwamba jambo ambalo yuko tayari kulifia ni "tofauti ya majina tu". Huko si kumheshimu, ni kumnyamazisha kwa upole.

Tena hiyo lugha ya "tuko sawa" huwa haidumu. Inadumu mpaka siku mtu mmoja aseme waziwazi anachoamini. Hapo watu wanashtuka kama wamepigwa kofi, kwa sababu waliambiwa hakuna tofauti. Kumbe ilikuwepo, ila ilifunikwa kawa.

NYIE WA KORIDO

Sasa wababe wa aya na mistari. Nitakwenda pande zote mbili maana sitaki lawama za upendeleo.

Kwanza Wakristo.

1. Ile hoja ya "Qur'an inamwita Yesu Neno, na Yohana anasema Neno ni Mungu, kwa hiyo Qur'an inakubali Yesu ni Mungu." Mshikaji, aya hiyohiyo ya 171 unayoisoma nusu, nusu yake ya pili inakataza kusema "watatu" na inasema Mungu hana mwana. Mwislamu anakueleza vizuri tu kwamba Isa anaitwa Neno kwa sababu aliumbwa kwa neno la Mungu, "kuwa". Unaweza usikubaliane naye. Lakini kukata aya katikati na kumwambia kitabu chake kinasema kinyume cha kinachosema, huo ni wizi wa mchana.

2. Ile vipeperushi vinayosema "Allah ni mungu mwezi wa Waarabu". Jamani! Wakristo Waarabu wa Misri, Lebanoni na Siria wanamwita Mungu "Allah" ndani ya Biblia zao, kila Jumapili. Nao wanaabudu mwezi? Hiyo karatasi ikikufikia fungia maandazi.

3. "Isa si Yesu, ni mtu mwingine." Mwana wa Maryam, Masihi, aliyezaliwa na bikira, mwenye Injili, aliyetanguliwa na Yahya mwana wa Zakaria... mtu mwingine yupi huyo? Ubishi ni juu ya mtu huyohuyo, na ndo maana ni mkali.

Sasa Waislamu.

1. "Wakristo wana miungu mitatu." Hakuna kanisa linalofundisha hivyo. Unaweza kusema Utatu hauingii akilini, unaweza kusema hesabu yake haikai sawa, hiyo ni hoja na nitakaa chini tujadili. Lakini usiniambie mimi naamini miungu mitatu wakati nakwambia mmoja. Na hakuna kanisa, si Katoliki, si Lutheri, si Anglikana, si Othodoksi, linalosema Mariamu ni mmoja wa Utatu. Wapo watu wanaohubiri hivyo kwa sauti kubwa kabisa.

2. "Mungu alimzaa vipi bila mke?" Qur'an inasema Mungu hana mke (Al-An'am, 101), na Mkristo anasema hivyohivyo. Hakuna Mkristo aliyewahi kusema Mungu alioa. "Mwana" kwetu si habari ya chumbani. Najua Mwislamu atasema hata kwa maana ya kiroho Mungu hana mwana. Sawa kabisa! Sasa hapo tumefika kwenye ubishi wa kweli, na tumefika bila matusi.

3. "Yesu alilala, aliona njaa, alilia, alisema Baba ni mkuu kuliko yeye, alisema saa ya mwisho haijui. Mungu gani huyo?" Hii inapigiwa makofi kuliko zote. Wandugu, Marko 13:32 na Yohana 14:28 hazikufichwa kabatini mpaka nyie mkazigundua. Wakristo wanazisoma tangu karne za kwanza, na Kalkedoni walikaa kwa sababu ya mistari kama hiyo. Ukinionyesha kwamba Yesu alilala ndani ya mashua hujanionyesha kitu nilichokuwa nakikana. Imani yangu inasema ni mtu kweli. Swali gumu ni lingine: inawezekanaje mmoja awe vyote viwili? Niulize hilo. Hilo linanitoa jasho.

4. "Yesu alifanywa Mungu kwa kura kule Nikea." Walichobishania Nikea hakikuwa kama Yesu ni nabii tu au ni Mungu. Ario, kasisi wa Aleksandria aliyeshindwa pale, naye alifundisha kwamba Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu na kwamba ulimwengu uliumbwa kupitia yeye. Tofauti yake ni kwamba alisema Mwana naye aliumbwa. Ario hakuwa Mwislamu aliyewahi kabla ya wakati, kwa hiyo msimvalishe kanzu.

5. Injili ya Barnaba. Nakala yake inayojulikana ni ya Kiitaliano, ya karne ya 16 hivi. Na kuna jambo wanaoitembeza hawalisemi: ndani yake Yesu anakana kuwa yeye ni Masihi. Qur'an inamwita Isa Masihi. Sasa unaposhika kitabu hicho kunipiga nacho, angalia kwanza kimempiga nani.

Nimehesabu 3 kwa 5, msilalamike. Sikuwa nahesabu magoli. Tena kihistoria ngoma droo. Mwaka 1923 kasisi wa Kianglikana wa UMCA, Godfrey Dale, alichapisha tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake ya Kikristo. Mwaka 1987 Ngariba na Kawemba nao wakatoa "Uislamu katika Biblia". Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyefariki 2005, alijaza ukumbi London mwaka 1985 kwa mdahalo juu ya uungu wa Yesu, na kanda zake zikaenea mpaka kwetu. Kila upande umeshika kitabu cha mwenzake kama fimbo kwa miaka mingi. Tunachofanya korido ni marudio tu, tena marudio mabaya, kwa sababu wale angalau walisoma vitabu vizima. Sisi tunadesa kipande cha dakika 3 cha WhatsApp.

HILI SI JAMBO LA UTANI

Mtu ataniambia, "Wewe nawe, ni maneno tu ya vijana, yataisha." Nchi yetu imeshaonyesha kwamba hayaishi.

Watu wa Sheria hapa kampasi wanaijua kesi ya Dibagula. Mhubiri wa Kiislamu Morogoro alishtakiwa kwa sababu ya kuhubiri kwamba Yesu si mwana wa Mungu bali ni mtu na nabii. Kosa lilikuwa la kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za watu. Mwaka 2001 akahukumiwa miezi 18 jela. Miezi 18, kwa sentensi ambayo ni imani ya kila Mwislamu duniani! Mahakama Kuu ikapunguza adhabu akatoka, lakini hatia ikabaki. Agosti mwaka huohuo kukawa na maandamano Dar es Salaam, watu wakakamatwa. Mwishowe Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Barnabas Samatta, ikaifuta hatia yenyewe. Kwa maneno mepesi: kutamka imani ya dini yako peke yake si ushahidi kwamba ulikusudia kuwaumiza wengine.

Na kabla ya hapo, Februari 1998, Mwembechai, mvutano uliokuwa umeanzia kwenye mihadhara ya dini ulifika mpaka risasi za polisi na watu kupoteza maisha. Sisemi hayo ili kuamsha makaburi. Nasema ili mjue kwamba sentensi hii ya maneno matatu, "Yesu si Mungu", imewahi kumpeleka mtu jela katika nchi hii.

Sasa niwaulize Wakristo wenzangu swali la uchokozi. Mashahidi wa Yehova wanapiga hodi kila Jumamosi. Nao wanaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, lakini wanasema si Mungu Mwenyezi, na Utatu hawautaki kabisa. Umewahi kusikia mtu ameita polisi kwa sababu shahidi wa Yehova amesema hivyo barazani kwake? Unamkatalia, au unachukua gazeti lake, au unajifanya haupo nyumbani. Basi. Sentensi ileile ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye kofia ya kiua, imekuwa uchochezi. Kwa hiyo kilichotuuma ni maneno, au ni msemaji?

Na nyie Waislamu, mizani ni ileile. Mkristo akisimama mahali ambapo yeye ni mmoja kati ya mia akasema Yesu ni Bwana na Mungu wangu, hajaja kuwachokoza. Hiyo ndiyo imani yake yote. Ukitaka asiiseme mbele yako, unataka asiwe Mkristo mbele yako.

MFANO WA UHABESHI

Kuna kisa ambacho kiko kwenye Sira ya Mtume, na Wakristo wengi hatukijui. Mwaka 615 hivi, Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Maquraishi wakatuma wajumbe kuwadai warudishwe. Mara ya kwanza wakashindwa. Ndipo Amr bin al-As, mmoja wa wajumbe, akabuni kombora: akarudi kwa mfalme kumwambia kwamba watu hawa wanasema maneno mabaya juu ya Isa.

Mnaona? Ni shtaka lilelile la Morogoro, miaka karibu 1,400 kabla.

Mfalme akawaita. Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, angeweza kujibu kipole: "Mfalme, sisi na nyinyi tuko sawa." Roho za watu zilikuwa mkononi mwake. Lakini kwa mujibu wa Sira alijibu wazi: Isa ni mtumwa wa Mungu na Mtume wake, Roho itokayo kwake na Neno lake alilompelekea bikira Maryam. Hakuongeza kumfurahisha mfalme, hakukejeli dini ya mwenye nyumba. Na mfalme hakuwatoa. Makasisi wake walinung'unika, lakini wageni wakapewa amani.

Najua mapokeo ya Kiislamu yanasema Najashi baadaye alisilimu. Iwe hivyo. Ninachokitazama mimi ni siku ile: mtu anasema imani yake mbele ya mwenye nguvu, na mwenye nguvu anajua kutofautisha kati ya kupingwa na kutukanwa. Kama hilo liliwezekana barazani kwa mfalme, linashindikanaje Bloku B?

KWA NINI INANIHUSU MIMI MWALIMU

Mimi nasoma ualimu. Wengi wenu mnaosoma hapa mnasoma ualimu. Tutapelekwa shule zetu, darasa la watoto 70, dawati moja Asha na Neema. Tumesoma hivyo wenyewe. Siku ya kipindi cha dini, kengele inagonga, Asha anakwenda kwa ustadhi, Neema anakwenda kwa mchungaji au katekista. Miaka yote ya shule Asha hajawahi kumsikia Mkristo akieleza Utatu kwa utulivu, na Neema hajawahi kumsikia Mwislamu akieleza kwa nini anampenda Isa na hawezi kumwabudu. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa yale aliyoambiwa akiwa peke yake. Wanakutana chuoni wakiwa na miaka 22, kila mmoja na silaha yake ya simu. Mnategemea nini?

Sisemi vipindi vya dini vifutwe. Mtoto afundishwe dini ya kwao na mtu wa dini yake. Nasema siku mtoto wa kidato cha pili atakaponyoosha mkono, "Mwalimu, eti Yesu ni Mungu?", mwalimu asikimbie wala asihubiri. Aweze kusema: Wakristo wanaamini hivi na sababu zao ni hizi, Waislamu wanaamini hivi na sababu zao ni hizi, mimi mwenyewe ni wa dini fulani, na jibu la mwisho ulitafute nyumbani na kwa walimu wako wa dini. Hilo linahitaji mwalimu anayejua pande mbili. Kati yetu wanaojua ni wangapi?

KWA HIYO NAPENDEKEZA

Kanuni moja tu ya korido. Kabla hujampinga mwenzako, eleza imani yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Akishasema ndiyo, mpinge utakavyo. Mpinge mpaka asubuhi. Akisema hapana, hujafika bado, rudi ukasome.

Najua wapo watakaosema, "Lakini kuna wahubiri wanaosema kwa kejeli na kashfa, hao je?" Ndiyo wapo, dini zote. Anayemwita mama wa Yesu majina, au Mtume Muhammad majina, huyo anatukana, na hata kama hana kesi mahakamani ana kesi na malezi yake. Lakini tusichanganye. Kejeli ni kejeli kwa namna ilivyosemwa. Imani haiwi kejeli kwa sababu tu ni tofauti na yangu.

Na mwingine ataniambia nimekuwa Mkristo nusu kwa kuwatetea wanaomkana Bwana wangu. Ndugu yangu, Yesu aliyesimama mbele ya Pilato hakuhitaji kifungu cha 129. Kama naamini ni Mungu, basi sentensi ya jirani yangu haimpunguzii kitu. Inayohitaji polisi ni imani yangu, si yeye.

Ijumaa korido itajaa kama kawaida. Mimi nitakuwepo na Biblia yangu, na chumba cha pili yupo mshikaji wangu wa Tanga, yeye na Qur'an yake. Tumekubaliana kuijaribu hiyo kanuni: yeye ataeleza Utatu, mimi nitaeleza Tauhidi, na kila mmoja atamsahihisha mwenzake. Wapambe mnakaribishwa, ila makofi acheni chumbani.

Wenye hoja leteni hoja, wa dini zote na wasio na dini. Ukinipinga nitakujibu. Ukitukana nitafuta, na nitafuta hata kama umenitukania mtu wa upande wa pili.

Siku njema wandugu. Naenda kuona kama maji yametoka.